Daftari Lisilokuwa na Vichanja vya Mama

Katikati ya mwezi Mei mwaka 2025 nilikuwa nimekaa kwenye benchi la kliniki moja ya Ujiji, chini ya mwembe, nimempakata binti yangu wa wiki 6 huku mama yake akitafuta kadi mkobani. Muuguzi alitoa kichupa kwenye kisanduku cha barafu, akakiinua kuelekea mwangani, akakitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Nilipomuuliza anatafuta nini, alinionyesha kwa ukucha: kwenye lebo palikuwa na duara dogo la zambarau, na ndani ya duara kimraba cheupe. "Baba, kimraba hiki kikishafanana rangi na duara, ujue joto limeingia, dawa hiyo hatumpi mtoto," alisema, kisha akambinya binti yangu mashavu na kumdondoshea matone mawili.

Nyuma yetu kijana mmoja alikuwa akisoma habari kwenye simu, kwa sauti ya kusikika. Bill Gates ametangaza kwamba atatoa karibu mali yake yote. Taasisi yake itatumia dola bilioni 200 ndani ya miaka 20, na itafunga milango tarehe 31 Desemba 2045. Mama mmoja aliyekuwa akinyonyesha akasema, "Mwenyezi Mungu amlipe. Si ndiye mwenye chanjo hizi?" Kijana akamjibu bila kuinua uso, "Mali ya dhuluma hiyo, mama. Anajisafisha tu."

Wote wawili wakanigeukia mimi. Mtaani kwetu ninajulikana kuwa mtu wa kompyuta, na kwa miaka mingi nimekuwa na maneno makali kuhusu bwana huyo, maneno ambayo kijana yule huenda aliyasikia kwangu mwenyewe.

Nikasema kwamba jua la leo ni kali.

Tangu siku hiyo sikupata raha.

Sidi iliyoandikwa kwa kalamu

Mwaka 2006 nilifungua kibanda cha intaneti mjini Kigoma, mwendo mfupi kutoka stesheni ya reli, kikiwa na kompyuta 6 za mtumba na dishi la setilaiti lililokuwa likisusa kila mvua iliponyesha. Kompyuta zote zilikuwa na Windows XP, mfumo wa Microsoft, kampuni aliyoianzisha Gates, na hakuna hata moja ambayo nilikuwa nimeilipia. Sidi ilitoka Kariakoo, imeandikwa juu kwa kalamu ya wino mzito, na sisi tuliokuwa kwenye kazi hiyo tuliazimana kama majirani wanavyoazimana moto.

Nilijiona mjanja. Baadaye sana ndipo niliposoma kwamba Gates, ambaye mwaka 1976 aliandika barua ya wazi akiwalaumu wapenzi wa kompyuta waliokuwa wakinakili programu yake ya BASIC bila kulipa, aliwaambia wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Washington mwaka 1998, akizungumzia China, kwamba madhali watu wataiba, ni heri waibe ya kampuni yake, kwa kuwa wataizoea, na njia ya kuwalipisha itapatikana mbele ya safari. Nilisoma maneno hayo nikajiona nimo ndani yake, mimi na dishi langu.

Niliwahi kujaribu kutoka. Wenye Ubuntu, mfumo wa kompyuta usiolipiwa, walikuwa wakituma sidi zao kwa posta bila malipo hata huku kwetu, nami nikauweka kwenye kompyuta mbili za pembeni. Wateja walikaa, wakatazama, wakainuka. Mmoja wao, mwalimu wa watu na mwenye adabu zake, aliniambia taratibu: "Bwana, nipe kompyuta. Hii sijui ni nini." Barua za maombi ya kazi zilitakiwa zifunguke kwenye Word, na cheti cha mafunzo kilitakiwa kitaje Word na Excel. Mwezi haukuisha nikazifuta zile mbili na kurudisha sidi ya Kariakoo.

Kwa hiyo nilipowaambia vijana niliokuwa nikiwafundisha kwamba utajiri ule ulitokana na kufunga milango ya wengine, nilikuwa nasimulia jambo ambalo lilinikuta kwenye viti vya kibanda changu.

Bei nzuri ya mwaka wa kwanza

Mama yangu alikausha dagaa pale mwalo wa Kibirizi tangu kabla sijaenda shule. Alikuwa na vichanja 9 vya miti na nyavu chakavu, na kila alfajiri ya msimu wa giza, mwezi unapokuwa haupo na taa za wavuvi zinavuta dagaa, alikuwa ufukweni na beseni lake akisubiri mitumbwi itie nanga. Wanawake wenzake walikuwa wengi. Bei ilipatikana kwa kelele, kwa utani, wakati mwingine kwa matusi, lakini ilipatikana.

Kisha akaja tajiri mmoja, ambaye sitamtaja jina. Aliwakopesha wavuvi nyavu na taa, akawalipa kabla hawajaingia ziwani, na akatoa bei ambayo hakuna mwanamke pale mwaloni aliyeweza kuifikia. Mwaka wa kwanza kila mtu alimsifu, na wavuvi walimwombea dua. Wanawake walikaa na mabeseni matupu, wakala mtaji, wakaanza kuuza vichanja kimoja kimoja ili watoto wale. Walipokwisha, bei ya mvuvi ikashuka, nyavu na taa zikawa bado ni deni, na mnunuzi akawa ni mmoja. Mama alivuka barabara akaenda kuanika dagaa wa tajiri huyo kwa ujira wa siku, kwenye vichanja ambavyo baadhi yake vilikuwa vyake.

Nilipokuja kusoma habari za kesi ya Marekani dhidi ya Microsoft, iliyofunguliwa Mei 1998, sikuhitaji mwalimu wa uchumi. Kampuni ya Netscape ilikuwa ikiishi kwa kuuza kivinjari, yaani programu ya kufungulia kurasa za intaneti. Microsoft, ambayo mfumo wake ulikuwa tayari ndani ya sehemu kubwa ya kompyuta za duniani, ilitengeneza kivinjari chake, ikakitoa bure, ikakishonea ndani ya Windows na kuwafunga watengenezaji wa kompyuta kwa mikataba ili wasikiondoe. Nani atanunua kinachotolewa bure? Kabla ya hapo, hadi makubaliano na serikali ya mwaka 1994, kulikuwa na mikataba iliyomtaka mtengenezaji ailipe Microsoft kwa kila kompyuta aliyoiuza, hata kama ndani yake aliweka mfumo wa mtu mwingine. Ni sawa na tajiri wetu angedai ushuru kwa kila beseni linalotoka mwaloni, liwe limeuzwa kwake au kwa jirani.

Jaji Thomas Penfield Jackson aliamua Juni 2000 kwamba kampuni igawanywe mara mbili. Mahakama ya rufaa ilitengua adhabu hiyo mwaka 2001, lakini haikutengua kosa: iliafiki kwamba kampuni ilikuwa imelinda ukiritimba wake kinyume cha sheria. Mara nyingi watetezi wake husimulia nusu ya kwanza tu ya sentensi hiyo.

Milioni 750, mara mbili

Usiku mmoja, mtoto akiwa amekataa kulala, nilikutana na tarakimu iliyonifanya niwashe taa.

Mwaka 1999, kesi ikiwa moto, Gates na mkewe waliahidi dola milioni 750 kwa ajili ya chanjo za watoto wa nchi maskini, na fedha hizo ndizo zilizoiwezesha Gavi, shirika la kimataifa la chanjo, kuzinduliwa Januari 2000. Mwaka 2003 Microsoft ilikubali kuilipa kampuni ya AOL Time Warner, ambayo kwa wakati huo ndiyo iliyokuwa ikiimiliki Netscape, dola milioni 750 kuimaliza kesi ya kivinjari.

Kiasi kilekile. Sina ninalolidai kutokana na usawa huo. Ni bahati tu ya tarakimu. Hata hivyo, niliziandika mbili hizo kwenye karatasi, moja chini ya nyingine, nikakaa nazo hadi adhana ya alfajiri. Ya pili ilikuwa malipo ya kosa, na ilitoka mfukoni mwa kampuni ikaenda kwa mnunuzi wa Netscape, si kwa wahandisi waliokuwa wamekwisha kutawanyika. Ya kwanza ilitoka mfukoni mwa mtu na mkewe ikaenda kwa watoto ambao hawakuwa wamedhulumiwa chochote na Microsoft, ambao baba zao hawajawahi kuiona kompyuta. Kijana wa benchini alikuwa akisema kwamba ile ya watoto ilitolewa kulipia ile ya kesi. Mama aliyekuwa akinyonyesha alikuwa anaiona ya watoto peke yake.

Nikajiuliza kama nia ina uzito wowote hapo. Kwamba ahadi ilikuja wakati jina lake linachafuka mahakamani, hilo ni kweli, na wapo waliosema tangu siku hizo kwamba alikuwa akinunua jina. Lakini mtu anayenunua jina huacha kulipa jina likishasafika. Huyu ameendelea kwa miaka 25, na taasisi yake imeshatumia zaidi ya dola bilioni 100. Nia ya namna hiyo, kama ilianza kwa hila, basi imezeeka ndani ya hila hiyo hadi ikawa kazi.

Baiskeli ya fundi viatu

Hapa ndipo nilipokwama kwa wiki mbili nzima.

Nilipokuwa mtoto, njiani kuelekea sokoni Ujiji kulikuwa na fundi viatu aliyeendesha baiskeli ya magurudumu matatu kwa mikono. Miguu yake aliikunja chini ya kiti kama mtu anayekunja mwavuli. Tulimwona kila siku, na hatukushangaa, kwa sababu hakuwa peke yake. Kila mtaa ulikuwa na wake, na ugonjwa wenyewe tuliuita kupooza. Tarehe 25 Agosti 2020 ilitangazwa kwamba polio ya asili imetoweka Afrika. Septemba 2023, baada ya aina nyingine ya kirusi cha polio kuonekana Rukwa, wachanjaji walipita nyumba kwa nyumba hapa Kigoma wakiwapaka watoto wino kidoleni na kuandika kwa chaki milangoni. Chaki hiyo ilibaki kwenye mlango wa jirani yangu hadi mvua za Novemba.

Taasisi ya Gates ni mmoja wa walipaji wakubwa wa kazi hiyo. Chanjo ya rota na ya nimonia, ambazo Tanzania ilizizindua Desemba 2012, zimekuja kwa msaada wa Gavi. Binti yangu amepewa zote.

Basi ni nani mimi wa kumpima mtu huyu? Nikipiga hesabu ya kijumla, waliodhulumiwa walikuwa wenye makampuni na wahandisi wa California ambao hawakulala njaa, na walionufaika ni watoto wasiohesabika. Tena kuna wazo baya zaidi, ambalo nalisema kwa aibu: laiti Microsoft ingekuwa kampuni pole, faida ile ingegawanyika kwa maelfu ya watu, kila mmoja akanunua nyumba na gari, na lisingekuwapo fungu kubwa kiasi cha kukabiliana na polio. Ukatili ndio uliolundika. Nikaifuata njia hiyo hadi mwisho wake, nikajikuta nasema kwamba vichanja vya mama yangu viliuzwa kwa heri.

Nikasimama hapo.

Nilichokigundua ni kwamba nilikuwa nimeanza kulegea tangu pale benchini, na sababu haikuwa hoja. Sababu ilikuwa matone mawili kinywani mwa mwanangu. Mtu aliyepokea si shahidi mzuri, na sadaka ina namna ya kumfunga mdomo hata yule ambaye hakuiomba. Ndiyo maana nilisema habari za jua.

Tena mpokeaji hachagui. Mei 2015, wakimbizi wa Burundi walipofurika ufukweni Kagunga, hapa mkoani Kigoma, kipindupindu kiliua watu kwa kukosa maji safi na vyoo, na kipindupindu ni ugonjwa ambao mkoa huu unaujua tangu enzi za bibi zetu. Polio ilikuja kwetu na mafungu yake, magari yake na tarehe zake. Maji ya bomba yanakuja kwa mwendo wake. Sisemi polio ingeachwa. Nasema kwamba aliyeamua ipi itangulie hakupigiwa kura Kigoma, wala Marekani kwenyewe, na taasisi yake ni miongoni mwa wachangiaji wakubwa kabisa wa Shirika la Afya Duniani. Mwaka 2025, Marekani ilipoifunga USAID, shirika lake la misaada, uzito wa mtu huyo mmoja uliongezeka bila yeye kufanya lolote.

Waja wana haki zao

Shehe aliyetufundisha chuoni utotoni alikuwa na fimbo na alikuwa na mpangilio. Toba, alisema, ina masharti: kuacha kosa, kulijutia, na kuazimia kutolirudia. Hayo yanatosha kati yako na Mungu. Likiwa kosa linamhusu mja, linaongezeka sharti la nne, nalo ni kumrudishia mwenyewe haki yake au kumwomba akusamehe. Ukimnyang'anya Juma mbuzi ukamchinja sadaka kwa mayatima, mayatima wamekula, na Juma bado hana mbuzi.

Tulicheka, kwa sababu darasani alikuwapo Juma.

Katika tangazo lake la Mei, Gates alimkumbuka Andrew Carnegie, tajiri wa chuma aliyeandika mwaka 1889 kwamba anayekufa akiwa na mali nyingi hufa kwa fedheha. Carnegie alijenga zaidi ya maktaba 2,500. Mwaka 1892, wafanyakazi wa kiwanda chake cha Homestead walipokataa kupunguziwa ujira, waliletewa walinzi wenye silaha, na watu walikufa. Yeye mwenyewe alikuwa mapumzikoni Uskoti. Mtu aliyekuwa akifanya zamu ya saa 12 mbele ya tanuri alijengewa maktaba. Angeingia saa ngapi?

Nadhani neno linalotuchanganya ni lile la kusafisha, kana kwamba mali ni nguo na wema ni sabuni. Shehe wetu hakuwa na neno hilo. Alikuwa na watu wawili, na kila mmoja alikuwa na jina. Kwa kipimo chake, binti yangu hana mamlaka ya kumsamehe Gates kwa niaba ya Netscape, na Netscape haina haki ya kumnyima binti yangu matone.

Paul Allen, aliyeianzisha Microsoft pamoja na Gates mwaka 1975, alieleza katika kumbukumbu zake za mwaka 2011 jinsi ambavyo mwishoni mwa 1982, akiwa anatibiwa saratani, alimsikia Gates akipanga na Steve Ballmer, kiongozi mwenzao katika kampuni, namna ya kulipunguza fungu lake la hisa. Alieleza vilevile kwamba alipougua tena mwaka 2009, Gates alikuwa miongoni mwa waliokuja mara kwa mara kukaa naye. Katika yote niliyoyasoma kuhusu bwana huyo, hilo ndilo linalokaribia somo la shehe. Halikugharimu hata bilioni moja.

Kabla ya Hija

Sikuwa nimepanga kuandika haya. Yaliyoniandikisha yalitokea siku chache baada ya ile ya kliniki.

Tajiri wa Kibirizi amezeeka sasa. Amechimba kisima kirefu kando ya msikiti, chenye tangi na mabomba manne, na maji yake ni matamu. Mama huteka hapo kila siku. Ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti mwaka 2024, aligawa unga kwa familia za mwaloni. Mwaka 2025 alijaliwa kwenda Hija, na kama ilivyo desturi, kabla ya kusafiri alizunguka nyumba kwa nyumba kuomba radhi.

Alifika kwetu baada ya alasiri. Nilimpa kiti. Akakaa na fimbo katikati ya magoti, akamwambia mama, "Dada yangu, naondoka. Kama kuna nililokukosea, nakuomba unisamehe kwa ajili ya Allah."

Mama alikuwa anachambua mchele. Hakuacha.

"Kama?"

"Mwanadamu hukosea, dada. Nimefungua daftari langu lote kabla ya safari. Anayenidai nimemlipa. Wewe hunidai kitu, ujira wako wote nilikulipa."

"Ni kweli," mama akasema. "Ulinilipa hadi senti. Daftari lako halina vichanja vyangu."

Mzee alinyamaza. Nilitamani kuingilia, kumkumbusha mama kisima, kumkumbusha unga, na ulimi ulishaanza kujikunja. Wakati huohuo nikajitambua kuwa ni yule yule wa kwenye benchi. Nikanyamaza pia, ila safari hii kwa makusudi.

"Vilikuwa vingapi?" akauliza hatimaye.

"Tisa."

"Uliviuza mwenyewe, dada. Sikukunyang'anya."

"Niliviuza mwenyewe."

Aliitazama sakafu kwa muda. Kisha akasema kwamba akirudi salama watakaa walizungumze, akaaga, nami nikamsindikiza hadi barabarani. Niliporudi nilimuuliza mama kwa nini basi anakunywa maji yake. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anapumua. "Maji ni ya Mungu, na aliyeyachimba nimemshukuru. Nimeshamwambia ahsante mara ngapi! Lakini wewe umesikia nikimwambia nimesamehe?"

Wiki ya 14

Mwezi Julai tulimpeleka mtoto kliniki kwa mara ya tatu, na mama akafuatana nasi. Muuguzi alikuwa yule yule. Aliinua kichupa kwenye mwanga, akatazama kimraba, akaridhika. Matone, kisha sindano za mapajani, kisha kilio ambacho nadhani kilisikika hadi ziwani. Yule mama wa mara ya kwanza alikuwapo, akaniuliza kama nimeshapata jibu la swali lao. Nikamwambia kwamba namshukuru Gates kwa ajili ya mwanangu, na kwamba hilo ndilo pekee nililo na haki ya kulisema. Lile la Netscape waulizwe Netscape.

"Kwa hiyo kijana alikuwa sahihi?"

"Alisema anajisafisha. Mimi sijaona kilichosafika."

Akatafakari, akamhamishia mwanawe bega la pili.

Wakati wa kurudi tulipita msikitini, na mama akasimama kwenye bomba kujaza chupa ya mkwewe. Kijana anayelinda kisima alimsalimia kwa heshima. Mama akamuuliza kama Hajji amerudi.

"Amerudi, bibi. Ni wiki ya tatu hii."

Mama alifunga kifuniko cha chupa, akakikaza, akaipangusa kwa ncha ya kanga.

"Nyumbani anapajua," akasema, tukaendelea na safari.